Sinia Chini ya Bawa

Wanangu wa Kibiti na Ikwiriri, kila wiki mnanitumia ujumbe kuniuliza nilikuwa nayapataje maboksi ya modeli bure. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nimekaa chini niwaandikie wote kwa mpigo. Kwanza, hayakuwa ya bure. Niliyalipia kwa macho na kwa mgongo. Pili, nimeshastaafu. Vidole vimeanza kutetemeka, na mtu ambaye kibanio kinamcheza mkononi hana haki ya kumsema mwenzake kwamba mkia wa ndege yake umekaa upande. Lakini niliyojifunza bado ninayo, na kubaki nayo peke yangu ni uchoyo.

Nilikuwa mhakiki. Kiwanda cha ng'ambo kinatoa ndege ya kivita ya plastiki, au kifaru, au manowari, ikiwa vipandevipande ndani ya boksi, mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Kabla watu hawajatoa hela yao wanataka mtu asiyekula mezani kwa kiwanda aijenge, kisha aseme ukweli. Vivyo hivyo vitabu vya historia ya ndege. Mtu anaandika kitabu kizito kama tofali, na lazima apatikane mwingine wa kukisoma chote na kusema palipo na mafuta na palipo na mfupa. Mtu huyo nilikuwa mimi, katika chumba cha nyuma ya duka la mchele la mke wangu, Zuhura, hapa Ikwiriri. Jarida lililonituma lilikuwa la nchi za baridi. Vifurushi vilishuka kwa basi kutoka Dar, na kondakta aliyenikabidhi hakuacha kuniuliza kama wajukuu hawajambo. Mtaani nikaitwa Mzee wa Midoli. Sikulikataa jina, maana nimeona watu wamepewa mabaya zaidi.

Sasa sikilizeni. Ukifungua boksi, usikimbilie kuangalia picha ya juu. Nusa. Plastiki ikiwa na harufu ya mafuta, ujue imetoka kwenye kalibu ya kuiumbia na hawakuisafisha. Ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uianike kivulini, la sivyo rangi yote uliyoipaka kwa siku nzima itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Baada ya kunusa, shika bawa moja ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona kama limenyooka. Baada ya hapo unaunganisha vipande vikubwa vikavu, bila gundi, ukivishikilia kwa vidole tu. Gundi ina tabia ya kuficha uongo, na mhakiki anayeanza na gundi ameshakubali kudanganywa.

Halafu kuna joto letu. Wenzangu waliokuwa wakiandika kutoka kwenye theluji walisema gundi fulani inakupa nafasi ya kutosha kurekebisha. Hapa Ikwiriri mchana, chini ya bati, hujamaliza kusema bismillahi imeshakauka. Wakati wa masika zile stika za kulowanisha zilikuwa zikijikunja kabla hazijafika kwenye bawa. Safari moja nililetewa ndege ya kudondosha mabomu iliyosafiri karibu na injini ya basi, mabawa yakafika yamepinda kama ndizi. Niliyalaza kwenye maji ya moto, nikayanyoosha kwa subira, kisha nikaandika kwamba plastiki ya kiwanda hiki ni nzuri ila haivumilii basi la Kusini. Mhariri wangu alicheka, akaliacha neno hilo kama lilivyo. Baadaye nikasikia wasomaji wa India na Brazili walifurahi kupata mtu anayeandika kuhusu joto wanalolijua.

Kazi yenyewe nilifunzwa na Fundi Gervas, Mungu amrehemu. Nilikutana naye Dar nikiwa kijana, katika karakana iliyotengeneza mifano ya ndege ya kufundishia. Alikuwa mfupi, mkali, na penseli haikumtoka sikioni. Ukiokota kipande chochote alikuuliza kinafanya kazi gani kwenye ndege ya kweli. Ukishindwa kujibu anakuamuru ukirudishe chini, ukasome. Kuna siku alinipa sinia la vipande vya ndege ndogo, akakaa pembeni na chai yake. Nilijenga vizuri mpaka kikabaki kipande kimoja chenye meno, ambacho hakikuwa na pa kwenda. Nikakijaribu kwenye injini, kwenye tairi, kwenye kiti cha rubani. Nikakigeuza na kukigeuza mpaka jua likaelekea kuzama. Kumbe alikichomoa kwenye kifaru akakichanganya makusudi. Nilikasirika sana. Akaniambia kwamba siku nitakayopewa karatasi ya maelekezo yenye kosa nitamkumbuka. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Msidhani kila uhakiki nilioupeleka ulikuwa wangu. Shemeji yangu Hamisi analima mpunga bondeni, na msimu mmoja ndege walimsumbua mpaka akakonda. Kumbe alikwenda kwa dada yake kimyakimya akaazima ndege yangu ya kivita, ile niliyomaliza kuipaka rangi juzi yake, akaitundika kwa kamba kwenye dungu, pale juu ya kichanja wanakokaa kuamia na kufukuza ndege. Nilipoikosa niliwaka kidogo. Nikamfuata shambani, na nilichokikuta kikanimaliza hasira. Ndege wa mpunga walikuwa wamepanga foleni juu ya mabawa, wanajinyoosha, na mmoja amekalia kichwa cha rubani. Nikapiga picha, nikaituma pamoja na maelezo kwamba wakaguzi wa hapa wameona mabawa yana nguvu ya kutosha. Picha ile ilichapishwa. Hamisi mpaka leo anadai nusu ya sifa.

Vitabu vina namna yake. Mimi kitabu nakianzia mwisho, naangalia mwandishi alisoma nini na alizungumza na nani. Kisha narudi kwenye picha na maneno yaliyoandikwa chini yake. Mpiga picha alikuwepo, lakini aliyeandika maneno ya chini mara nyingi amekuja miaka sitini baadaye, yuko ofisini, ana haraka. Kwa hiyo picha naisoma kwanza nikiwa nimefunika maneno kwa kiganja. Ukisoma maneno kwanza, utaona ulichoambiwa uone. Haya nawaambia kwa sababu kuna kitabu kimoja ambacho nilikifunika kwa kiganja vizuri kabisa, na bado nikakiangalia karibu mwezi mzima bila kukiona.

Mnajua habari ya ile meli ya vita ya Wajerumani iliyokuja kujificha huku kwenye delta, Vita ya Kwanza. Waingereza walikuwa nje baharini, hawaioni kwa sababu ya mikoko. Wakaleta ndege zenye maboya badala ya magurudumu, za mbao na kitambaa, zinazoruka kutoka kwenye maji na kutua kwenye maji, ili ziichungulie kutoka juu. Kambi yao ilikuwa kwenye visiwa, upande wa Mafia. Basi kilitoka kitabu kipya juu ya ndege hizo, kikubwa, cha picha ambazo nyingi hazijawahi kuonekana. Na kiwanda kimoja kikatoa modeli ya ndege mojawapo, kikisema wazi kwamba wameifuata picha iliyomo kitabuni. Jarida likanitumia vyote viwili kwa pamoja. Mhariri aliandika kwamba itakuwa ajabu kumpa kazi hiyo mtu mwingine wakati mimi nakaa palepale.

Picha yenyewe ilijaza ukurasa mzima. Ndege imevutwa juu ya mchanga. Mkia umefunikwa turubai kuukinga na jua, kwa hiyo namba haionekani. Rafadha, lile pangaboi la injini, imetolewa, na kitabu kilieleza sababu: joto la huku lilikuwa likiyeyusha gundi ya mbao, rafadha zinaachana zenyewe. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo, maana niliona si mimi peke yangu niliyeteswa na gundi pwani hii. Kwenye bawa kuna kiraka kikubwa cha kitambaa. Ubavuni kuna kingazi kidogo cha kupandia rubani. Mzungu mmoja amesimama, ametugeuzia mgongo. Na chini ya bawa, kivulini, wamekaa vibarua walioivuta, wamezunguka sinia la wali, wanakula. Maneno ya chini yalisema tu: wenyeji wakipumzika.

Tatizo langu lilikuwa kingazi. Kwenye picha kilikuwa ubavu wa kushoto, na kiwanda kilikiweka kushoto, pamoja na kiraka, kwa utii kabisa. Lakini nilikuwa na mchoro wa zamani wa mafundi walioiunda ndege ile, na mchoro ulikiweka kulia. Nani mkweli? Modeli ikiwa na kosa, ni wajibu wangu kusema. Mchoro ukiwa na kosa, pia ni wajibu wangu. Nikapima kwa rula, nikalinganisha nguzo za mabawa, nikakokotoa vivuli. Nilianza kuamini kwamba ndege hii moja ilibadilishwa hukuhuku kambini. Ilikuwa hoja nzuri, na nilikaribia kuiandika.

Zuhura aliniletea chai nikiwa kwenye hali hiyo, akainama juu ya bega langu. Yeye hakuiona ndege kabisa. Aliweka kidole kwa kibarua mmoja aliyeinua uso kuelekea kamera, kijana mwenye kovu refu kutoka pembe ya jicho mpaka tayani. "Huyu si kama yule babu wa kina shangazi Tatu?" akaniuliza.

Hapo inabidi nimtambulishe shangazi. Bi Tatu ni shangazi wa Zuhura, anakaa Mbuchi, amepita themanini. Babu yake mzaa baba aliitwa Mzee Mkumba. Alikuwa mkata boriti, na lile kovu alilipata ujanani mikokoni, tawi lilipomrudia usoni. Vita ilimkuta Mafia, alikokwenda kuuza boriti, akashindwa kurudi kwa muda. Aliporudi alikuja na hadithi. Alisema amevuta ndege kwa kamba begani, ndege kubwa kuliko nyumba. Alisema ndege ile inaogelea kama bata, inakunywa mafuta ya taa, na ikichanika wenyewe wanaishona kwa sindano na uzi kama kanzu. Kijiji kizima kilicheka. Wengine waliwahi kuona ndege za vita zikipita juu, ndiyo, lakini ya kushonwa? Wakamwita Mzee Ndege. Alizeeka nayo aibu hiyo, akafa nayo. Bi Tatu alikuwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa akimpaka babu mafuta ya nazi kwenye kovu kila jioni, na kwenye chuo cha Kurani alipigana na kila mtoto aliyesema babu yake ni mwongo. Picha ya mzee yule haikuwahi kupigwa. Hivyo ndivyo familia ilivyojua.

Na macho ya Bi Tatu yalikuwa yanakwenda. La kulia lilikuwa limeshaziba kwa mtoto wa jicho na mengine, la kushoto linaona mchana tu, tena karibu. Mwezi ule alikuja Ikwiriri kupimwa, akafikia kwetu. Daktari alimwambia watajaribu, lakini hakumwahidi kitu. Kwa hiyo Zuhura alipomwambia kuna picha, yule mama alinyanyuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono.

Tulimkalisha mlangoni penye mwanga. Nikampa lenzi yangu kubwa, ile ya kukagulia rangi, nikamwekea kitabu mapajani. Aliinama, uso umekaribia kugusa karatasi. Nikaona mkono wake wa bure umepanda wenyewe kwenye shavu lake, shavu la kulia, unapapasa kutoka jichoni kwenda chini. Kisha ukasimama.

"Siye," akasema.

Zuhura akamwomba aangalie tena.

"Nimeangalia, mwanangu. Kovu la babu lilikuwa huku." Akaligonga shavu la kulia. "Nililalia bega lake la kulia miaka yote ya utoto wangu, kovu hapa, karibu na pua yangu. Huyu ana kovu kushoto. Ni mtoto wa watu wengine."

Akanirudishia lenzi, akanishukuru kwa adabu, akaomba maji. Jioni Zuhura alimsikia akilia chini ya kanga. Hakulia kwa sababu ya macho. Alimwambia Zuhura kwamba kwa dakika moja alikuwa amempata babu, na shahidi juu, halafu akampoteza mara ya pili. Siku iliyofuata alirudi Mbuchi. Mimi nikarudi kwenye kingazi changu, moyo mzito, nikijiambia kwamba makovu ni mengi duniani.

Ramadhani ikaingia. Nawaomba mniamini hapa, kwa sababu ndipo utaalamu wangu wote uliponiacha. Ilikuwa alasiri inayokwisha, ile saa ambayo mfungaji hana maneno na mtu. Nimekaa mezani na kitabu, rula na modeli. Upande wa pili wa ukuta Zuhura anakaanga samaki, uji wa pilipili manga unatokota, na harufu inaingia bila kubisha hodi. Nikaangalia kingazi, macho yakakataa. Nikaangalia nguzo za bawa, yakakataa. Yaliteleza yenyewe chini ya bawa mpaka kwenye sinia, yakagoma kutoka. Wali ule ulionekana mweupe, umechambuka, na juu yake kuna kitu nilichoamini ni nguru. Nikachukua lenzi. Sioni haya kuwaambia kwamba nilichukua lenzi ya kazi kuangalia chakula cha watu waliokwishakufa.

Nikamfuata mmoja anavyofinya tonge. Nikamfuata wa pili, limeshafika mdomoni. Nikahisi kuna kitu hakijakaa sawa, nikarudi kwa wa kwanza. Yule alikuwa akila kwa mkono wa kushoto.

Mmoja kula kwa kushoto inatokea, labda kidole kimeumia. Lakini nilipozunguka sinia lote, kila mkono uliokuwa kwenye wali ulikuwa wa kushoto, na kila mkono wa kulia umepumzika gotini. Watu wazima wa pwani, na kofia zao kichwani, wote kwa pamoja, kwenye sinia moja, wanakula kwa kushoto. Wanangu, hata kama kitabu kimeandikwa na malaika, jambo hilo halipo.

Zamani picha zilikuwa zikipigwa kwenye kipande cha kioo, na kioo kina pande mbili. Anayechapisha akikigeuza bila kujua, picha inatoka safi kabisa, ila kulia kumekuwa kushoto. Kwa kawaida maandishi ndiyo yanayomfichua, maana yanasomeka kinyumenyume. Hapa namba ilikuwa chini ya turubai. Rafadha ingeweza kunionyesha kwa namna ilivyopinda, nayo imetolewa. Hata vifungo vya shati la Mzungu viliangalia baharini. Kilichobaki kusema ukweli kwenye picha nzima ni mikono ya watu wanaokula, na mimi niliipita kila siku nikitafuta misumari.

Nikaenda chumbani nikakiondoa kioo cha Zuhura ukutani, nikakiegesha mezani, nikakielekezea ule ukurasa. Kwenye kioo kingazi kilihamia kulia, sawasawa na mchoro wa mafundi. Kiraka kikahamia. Vibarua wakala kwa mkono wa kulia kama walivyofunzwa na mama zao. Na kijana aliyeinua uso, kovu lake likashuka shavu la kulia, kutoka pembe ya jicho mpaka tayani.

Zuhura ndiye aliyekuja kunitoa. Adhana ilikuwa imeshapita na mimi sijaisikia. Alisimama na kikombe cha uji mkononi, akaangalia kioo, akaangalia kitabu, akaangalia kioo. Hakuniuliza kuhusu ndege. Alisema, "Kesho tunakwenda Mbuchi," akanipa uji.

Niwamalizie kwanza upande wa ng'ambo, maana najua kuna wanaopenda kujua modeli ilipata maksi ngapi. Nilimwandikia mhariri, akampelekea mwandishi wa kitabu. Mwandishi yule alikwenda mwenyewe kwenye hifadhi akakitoa kioo cha asili, akakuta kweli kiligeuzwa. Alifurahi kama mtoto, akaniandikia barua pepe ndefu kuniuliza kuhusu adabu ya kula, na kama majina ya watu wale yanaweza kupatikana, ili toleo lijalo lisiseme tena wenyeji tu. Kiwanda kilitia karatasi mpya ya maelekezo kwenye maboksi. Katika uhakiki wangu niliisifu plastiki, nikakikosoa kingazi, na nikaeleza nilivyoligundua kosa, pamoja na njaa yangu. Mhariri hakufuta hata sentensi moja.

Sasa Mbuchi. Tulifika mchana umeegemea, miguu ina tope, Zuhura amebeba kitabu ndani ya mfuko wa mchele wasije wakakilowanisha watu wa boti, mimi nimekumbatia kioo kilichozungushiwa kanga mbili. Bi Tatu alikuwa sebuleni kwenye mkeka, anachambua mchele kwa vidole, hauangalii. Tukamwamkia, akaitikia, akanitania akiuliza kama midoli yangu imepata chuo cha kusomea. Lakini aliposikia neno kitabu aliweka ungo chini.

"Mkwe wangu," akasema, "nilishakwambia siye. Usinirudishe huko. Mimi nimebakiwa na jicho dogo, sitaki kulitumia kwa watu wasio wangu."

Nikamwambia nimeelewa, na kwamba sikuja kumwomba aangalie uso. Nilikuja kumuuliza jambo la mezani tu. Nikamwambia kwamba wale vibarua kwenye picha wanakula kwa mkono wa kushoto.

"Nani?"

"Wote, shangazi."

Aliusukuma ungo pembeni kabisa. "Wote haiwezekani," akasema taratibu.

"Haiwezekani. Ndiyo maana tumekuja na kioo."

Nikamweleza habari ya kipande cha kioo chenye pande mbili, kwa maneno machache, naye alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Alimwita mke wa mwanawe afungue madirisha yote. Watoto wa nyumba ile, wajukuu, na jirani mmoja mzee ambaye baba yake alikuwa kinara wa kumcheka Mzee Ndege, wote wakaingia na kujipanga ukutani, kwa sababu nyumba za huku hazifichi mgeni. Nikakiegesha kioo kwenye mlango ulio na jua. Nikamsogeza Bi Tatu karibu kabisa, Zuhura akamfungulia kitabu, yeye mwenyewe akakishika kifuani, ukurasa ukielekea kioo.

Sikuwa nimelifikiria jambo moja. Mtu akishika kitabu kifuani mbele ya kioo, anachokiona si ukurasa tu. Juu ya ukurasa anaona na uso wake. Bi Tatu aliinama, jicho la kushoto karibu ligonge kioo, na pale mbele yake palikuwa na nyuso mbili, moja juu ya nyingine, ya kikongwe na ya kijana, paji lilelile pana na mdomo uleule uliobinuka kidogo kama wa mtu anayetaka kubisha. Kila aliyekuwa nyuma yake aliona. Jirani mzee alisema jina la Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini.

Mkono wa Bi Tatu ulipanda. Haukwenda shavuni kwake safari hii. Ulikwenda kwenye kioo, ukagusa pembe ya jicho la kijana, ukashuka na kovu taratibu mpaka tayani, kama mtu anayepaka mafuta.

"Alisema wanaishona," akaniambia bila kugeuka.

"Kiraka hicho hapo, shangazi, juu ya kichwa chake. Ukiangalia kwa lenzi mishono inaonekana."

"Sihitaji lenzi. Waonyeshe hao." Akasubiri mpaka jirani mzee akaja na lenzi, akainama, akahesabu mishono kimoyomoyo, akarudi ukutani. Nilijua kwamba Bi Tatu alikuwa akiisubiri dakika hiyo tangu chuoni, tangu alipokuwa mtoto mwenye magoti yaliyochubuka. Nilitegemea angewasema. Ningekuwa mimi ningewasema.

Badala yake alimpa Zuhura upande mmoja wa kitabu amshikie. Kwa mkono uliobaki akaivuta kanga yake mbele, akafunika nywele vizuri, akajifuta uso, kama anavyojiweka sawa mtoto wa kike anapoingia kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, babu," akasema.

Na sisi sote chumbani, hata watoto, tukabaki tukimsubiri mzee aitikie.